Historia au Kiingereza: kuchagua njia ya ualimu wa sekondari ukianzia chuo cha jamii California

Tanzania na Kenya mwalimu wa sekondari huandaliwa kwa masomo mawili ya kufundishia, kwa hiyo aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) haoni ajabu kuingia darasani na Historia asubuhi na Kiingereza mchana. California haiendi hivyo. Leseni ya kufundisha sekondari hutolewa kwa somo moja moja, na masomo ya sanaa yamegawanywa. Leseni ya Sayansi ya Jamii inabeba historia, jiografia, uraia na uchumi. Leseni ya Kiingereza inabeba fasihi, uandishi na lugha. Leseni ya masomo ya sanaa kwa jumla haipo. Anayeanzia chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka 2 kinachompeleka mwanafunzi hadi nusu ya shahada, anatakiwa awe ameshachagua upande ndani ya mwaka wa kwanza. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu katalogi ya chuo ina majina mazuri ambayo hayafiki wanakokwenda.

Linaloongoza kwa kupoteza watu ni stashahada ya kuhamia chuo kikuu inayoitwa Elementary Teacher Education. Mtu anamwambia mshauri "nataka kuwa mwalimu", anawekwa humo, na anatumia miaka 2 kusoma hesabu za walimu wa msingi, ukuaji wa mtoto na sayansi za jumla. Ni stashahada nzuri kwa atakayefundisha shule ya msingi. Wa sekondari ataanza upya somo lake akifika chuo kikuu. Nyingine ni stashahada ya ndani ya chuo yenye jina Humanities: inachota kidogo kwenye falsafa, sanaa, fasihi na dini, lakini haina leseni inayolingana nayo. Ukikaa na mshauri, sentensi ya kwanza iwe: "Nataka leseni ya somo moja, ya sekondari, katika Sayansi ya Jamii," au "katika Kiingereza." Usiishie kwenye neno mwalimu.

Ngazi yenyewe

Ni yuniti (kipimo cha uzito wa kozi) 60 chuo cha jamii, nyingine 60 chuo kikuu hadi shahada, kisha mafunzo ya ualimu ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Ndani ya mafunzo hayo mna saa 600 za mazoezi shuleni na tathmini ya utendaji, CalTPA au nyingine iliyokubaliwa na jimbo, kulingana na programu. Leseni ya awali hudumu miaka 5. Katika kipindi hicho mwalimu hupitia programu ya kulelewa kazini ya miaka 2 ndipo apate leseni kamili. Mtihani wa CBEST uliokuwa ukiwatisha watu hauna lazima tena kwa mwenye shahada: tangu 2024 shahada yenyewe inatosha kama uthibitisho wa stadi za msingi. Bado kuna watu wanaoulipia kwa kufuata maelezo ya zamani.

Ukiitazama ngazi hii utaona kwamba chuo cha jamii hakikufundishi ualimu. Kinakufundisha somo. Kwa hiyo ulinganisho wa kweli hauko katika chuo chenye jina kubwa, uko katika kozi utakazozibeba hadi siku ya kuthibitisha kwamba unalijua somo lako.

Kozi kwa kozi

Njia zote mbili zina kifurushi kimoja cha elimu ya jumla kiitwacho Cal-GETC, chenye yuniti 34, ambacho tangu majira ya vuli 2025 kinakubalika kwa pamoja CSU na UC, mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Mna uandishi wa Kiingereza, fikra tunduizi, mawasiliano ya mdomo, hesabu (wengi wa sanaa huchagua takwimu), sanaa, sayansi pamoja na maabara, sayansi ya jamii, na masomo ya makabila ya Marekani. Kila kozi humo inahitaji alama C au zaidi. C yenye alama ya kutoa haihesabiwi.

Juu ya kifurushi hicho unaweka fani. Stashahada ya kuhamia katika Historia, AA-T, ina takriban yuniti 18: mihula 2 ya historia ya Marekani, mihula 2 ya historia ya dunia au ya ustaarabu wa Magharibi, na kozi 2 za kuchagua. Kwa anayelenga ualimu sisi tunasema chukua historia ya dunia, usichukue ya Magharibi. Darasa la 10 California linafundishwa historia ya dunia ya kisasa, darasa la 7 linapita dunia ya zama za kati ikiwemo Mali, na sehemu ya kwanza ya mtihani wa somo inauliza dunia nzima. Kozi ya Magharibi inakuacha na pengo la Asia, Afrika na Amerika Kusini ambalo utalijaza mwenyewe usiku.

AA-T ya Kiingereza nayo ina takriban yuniti 18, ila uzito wake unakaa mahali pengine. Kuna kozi ya uandishi wa hoja, kozi ya utangulizi wa fasihi, kisha mapitio ya fasihi kwa vipindi: ya Marekani, ya Uingereza, ya dunia. Hapa chagua jozi inayofuatana, mfano fasihi ya Marekani ya kwanza na ya pili, kwa sababu vyuo vikuu vingi hujenga kozi za juu juu ya jozi hizo. Uandishi wa ubunifu unavutia, na upo kwenye orodha, lakini haujazi nafasi ya mapitio. Mtu mwenye kozi 3 za ubunifu na moja tu ya mapitio hufika chuo kikuu akiwa nyuma ya wenzake.

Jambo ambalo katalogi haikuambii ni nafasi zinazobaki. Baadhi ya kozi za fani huhesabiwa pia ndani ya Cal-GETC, kwa hiyo ukijumlisha unakuta yuniti kama 14 hadi 17 hazina mwenyewe katika zile 60. Wengi huzijaza kwa chochote kinachoendana na ratiba ya kazi. Kwa mwalimu mtarajiwa wa Historia hizo ndizo yuniti zenye thamani kuliko zote, kwa sababu leseni yake haiitwi Historia, inaitwa Sayansi ya Jamii. Zijaze kwa uchumi mkuu wa nchi, jiografia na historia ya California, na hakikisha Serikali ya Marekani (siku hizi POLS C1000 katika vyuo vyote vya jamii vya jimbo) imo kwenye Cal-GETC yako. Darasa la 12 linafundishwa nusu mwaka serikali na nusu mwaka uchumi, na mwalimu mpya mara nyingi ndiye anayepewa uchumi.

Wa Kiingereza azitumie kwa isimu ya utangulizi kama chuo kinayo, drama au uandishi wa habari, na lugha ya kigeni ikiwa chuo kikuu anachokitaka kinaidai.

Kuthibitisha somo

Baada ya shahada, au mwishoni mwake, unatakiwa kuonyesha unalijua somo. Mlango wa zamani ni mtihani wa CSET. Sayansi ya Jamii una sehemu 3: historia na jiografia ya dunia, historia na jiografia ya Marekani, na uraia, uchumi pamoja na historia ya California. Kiingereza una sehemu 4, na ndani yake kuna kuandika uchambuzi, si kuchagua jibu tu. Tangu 2021 kuna milango mingine: fani ya shahada inayolingana na somo, au kozi zinazofunika kila eneo la somo, au mchanganyiko wa kozi na sehemu za CSET.

Hapa Kiingereza ni rahisi zaidi. Shahada ya Kiingereza na leseni ya Kiingereza vinaitana kwa jina moja. Kwenye Historia programu ya ualimu inaweza kupekua kozi zako eneo kwa eneo, na ikikuta uchumi haupo, unarudi kufanya sehemu ya tatu ya CSET au kutafuta kozi ya ziada. Ndiyo maana tunasisitiza zile yuniti za wazi. Na hifadhi silabasi ya kila kozi kama faili, yenye mada za wiki kwa wiki. Miaka 4 baadaye mwalimu aliyekufundisha atakuwa ameondoka, tovuti ya kozi imefungwa, na transkripti yenye jina la kozi pekee haitamshawishi mtu kwamba mlisoma Katiba. Sharti la Katiba ya Marekani ni la leseni zote mbili, na kozi ya Serikali ya Marekani kwa kawaida ndiyo inayolijibu.

Kazi yenyewe inavyotofautiana

Sheria ya jimbo inadai miaka 3 ya Kiingereza na miaka 3 ya masomo ya jamii ili mwanafunzi ahitimu. Lakini masharti ya kuingia CSU na UC yanataka miaka 4 ya Kiingereza na 2 ya historia, kwa hiyo shule nyingi huweka Kiingereza kila mwaka kuanzia darasa la 9 hadi la 12. Idara ya Kiingereza inakuwa kubwa, na nafasi zinafunguka mara nyingi zaidi. Historia ina waombaji wengi kwa nafasi chache, na wilaya nyingi hufurahi kumpata anayeweza pia kufundisha timu ya michezo au somo la pili.

Upande wa pili ni usahihishaji. Chukua madarasa 5 yenye wanafunzi 30 kila moja: insha 150. Ukimpa kila mmoja dakika 10, ni saa 25 juu ya saa za kufundisha, kwa insha moja tu. Mwalimu wa Historia naye anasahihisha maandishi, ila anaweza kubadilishana na kazi za vyanzo, ramani na majibu mafupi. Mzigo wake mkubwa ni maandalizi: mwaka wa kwanza anaweza kupewa historia ya dunia, historia ya Marekani na uchumi kwa pamoja, yaani maandalizi 3 tofauti kila siku. Anayependa kukaa na sentensi ya mwanafunzi mpaka inyooke atavumilia Kiingereza. Anayependa kueleza kwa nini jambo lilitokea, na hachoki kusoma mambo mapya kila wiki, Historia itamlea vizuri zaidi.

Kwa aliyekulia kwenye Kiswahili, swali la lafudhi huulizwa sana. Jibu letu ni kwamba lafudhi haizuii leseni yoyote. Kinachozuia ni kasi ya kusoma. Kozi za juu za Kiingereza zinaweza kudai riwaya nzima ndani ya wiki, nyingine juu yake wiki inayofuata, pamoja na karatasi ya kurasa 8. Jipime kwenye kozi ya utangulizi wa fasihi kabla ya kutangaza fani: ukiimaliza na B bila kuangusha masomo mengine, una uwezo.

Kuna njia ya katikati

Mwenye leseni ya somo moja anaweza kuongeza ruhusa ya ziada ya somo jingine, ngazi ya utangulizi, kwa yuniti 20 za somo hilo (au 10 za ngazi ya juu), na yuniti za chuo cha jamii zinahesabiwa. Ruhusa hiyo inamwezesha kufundisha maudhui ya hadi darasa la 9. Kwa hiyo mwenye fani ya Historia aliyepanga vizuri, akawa na kozi ya uandishi, ya fikra tunduizi kupitia Kiingereza, ya utangulizi wa fasihi na mapitio 2, ana takriban yuniti 15 mkononi kabla hata hajahama. Shule za kati zinazounganisha Kiingereza na historia chini ya mwalimu mmoja zinamtafuta mtu wa namna hii. Tukishauri kijana asiyejua achague lipi, tunamwelekeza hapa: fani Historia, na Kiingereza pembeni kwa hesabu.

CSU au UC baada ya hapo

Kwa atakayefundisha sekondari ya umma, CSU ndiyo njia fupi. AA-T yenye wastani wa alama wa 2.0 au zaidi inakuhakikishia nafasi ndani ya mfumo wa CSU katika fani inayofanana, na kwamba utamaliza kwa yuniti 60 zaidi. Nafasi hiyo haijafungwa kwenye kampasi unayoitaka: San Diego au Long Beach zinaweza kujaa ukaelekezwa kwingine, jambo linalouma kwa mwenye familia asiyeweza kuhama. Omba kampasi ya eneo lako hata kama si chaguo la moyo. Baadhi ya kampasi zina programu unganishi ambamo shahada na leseni vinakwenda pamoja, zikiokoa karibu mwaka. Lakini zinadai kozi mahususi za mwanzo, kwa hiyo omba ramani yake ya kuhamia ukiwa muhula wa kwanza, si wa nne.

UC inafaa kwa anayetaka pia shahada ya uzamili, kwa sababu mafunzo yake ya ualimu mara nyingi huambatana na uzamili. Kampasi 6 (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz) zina mkataba wa uhakika wa kuhamia uitwao TAG, unaowasilishwa kati ya tarehe 1 na 30 Septemba, kabla ya maombi ya kawaida. Unaomba kampasi moja tu kati ya hizo. Kwa CSU na UC, maombi ya kuanza vuli huanza kupokelewa 1 Oktoba na kufungwa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni kabisa mwa Desemba. Kozi zipi zinapokelewa wapi, tovuti ya ASSIST ndiyo yenye neno la mwisho. Ikipingana na rafiki aliyehama mwaka juzi, fuata ASSIST.

Kosa linalowaangusha watu wa sanaa kwenye milango yote miwili ni kuahirisha takwimu na hotuba ya mdomo hadi muhula wa mwisho. Ukifeli takwimu majira ya kuchipua, nafasi ya vuli inaweza kufutwa. Zichukue mwaka wa kwanza. Kumbuka pia kozi inaweza kurudiwa kwa kikomo: majaribio 3, na kujitoa kwenye kozi kwa alama ya W kunahesabiwa jaribio.

Fedha

Yuniti moja chuo cha jamii ni dola 46 kwa mkazi wa California, kwa hiyo yuniti 60 ni dola 2,760. Ada ya msingi ya CSU ilikuwa dola 6,084 kwa mwaka 2024–25 na imepangwa kupanda kila mwaka. Mwenye kipato kidogo husamehewa ada ya chuo cha jamii kupitia College Promise Grant, ila anaupoteza msamaha akikaa mihula 2 mfululizo chini ya wastani wa 2.0 au akishindwa kumaliza nusu ya yuniti alizosajili. Asiye mkazi hulipa mamia ya dola zaidi kwa kila yuniti. Wakimbizi waliowekwa California moja kwa moja walipoingia Marekani wana msamaha wa sheria kwa ada hiyo ya ziada. Uliza ofisi ya udahili na upeleke hati za kuingilia.

Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, ina kikomo cha mihula 12 ya muda kamili maishani. Anayeanza na madarasa ya Kiingereza kwa wageni akitumia Pell anakula fungu hilohilo. Kwa sheria ya jimbo mwanafunzi wa madarasa hayo anapewa hadi miaka 3 kufikia Kiingereza cha kuhamia, lakini kuruhusiwa miaka 3 hakukulazimishi kuitumia yote.

Tahadhari kubwa ni TEACH Grant, ruzuku ya wanaosomea ualimu, inayofika dola 4,000 kwa mwaka. Inadai miaka 4 ya kufundisha ndani ya miaka 8, kwenye shule ya wenye kipato kidogo, katika somo lililo kwenye orodha ya upungufu. Lugha za kigeni na ufundishaji wa Kiingereza kwa wageni zimo. Historia haimo kati ya masomo ya kudumu ya orodha hiyo. Mwalimu wa Historia aliyesaini bila kusoma anaweza kuona ruzuku yote ikigeuka mkopo, wenye riba kuanzia siku fedha zilipotoka. Mkongomani mwenye Kifaransa kizuri, kwa upande mwingine, atafakari leseni ya Kifaransa: CSET ya Kifaransa ipo, na somo limo kwenye orodha.

Ukiwa tayari una shahada ya nyumbani

Mwenye shahada kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi asianze stashahada ya chuo cha jamii. Apeleke transkripti kwa wakala wa tathmini anayetambuliwa na tume ya leseni ya California, aombe ripoti ya kozi kwa kozi, na kama alisomea ualimu, ripoti ionyeshe pia mazoezi ya kufundisha na masomo aliyoandaliwa. Shahada ikikubaliwa kuwa sawa, anaingia moja kwa moja kwenye mafunzo ya ualimu. Na aliyemaliza programu ya ualimu inayolingana anaweza kuomba leseni ya awali kwa njia ya walimu waliofunzwa nje. Chuo cha jamii kinabaki mahali pa kununua kozi moja moja zinazokosekana, hasa Serikali ya Marekani na historia ya Marekani, kwa dola 46 kwa yuniti akiwa mkazi.